Jina Nililoliacha

Ninamwandikia yule ambaye asubuhi ya leo amekohoa ndani ya kitenge ili walio chumba cha pili wasisikie. Mimi nilifanya hivyo kwa wiki nyingi. Nilikuwa nangoja jirani aanze kutwanga majani ya sombe ndipo nikohoe. Nilikuwa naamka kabla ya wote ili nianike shuka lililolowa jasho, mama mkwe asije akaliona na kuuliza. Mtu anayeficha ugonjwa anakuwa hodari haraka sana, na baadaye uhodari ule ndio ulionitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa nimepona. Kadi yangu ya matibabu imefungwa, pafu la kulia limebaki na kovu, na ninaweza kusimulia bila kukatika pumzi. Habari za vijidudu wauguzi watakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitakuambia yaliyonipata, pamoja na lile ambalo ningependa kulinyamazia.

Naitwa Apendeki. Ninafundisha darasa la nne hapa Baraka, kando ya ziwa. Nilikulia ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na huko ndiko nilikoanza kukimbia, kwa sababu shule ilikuwa mbali na mwalimu wa zamu alikuwa mkali. Tuliporudi kwetu nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima. Baiskeli ilikuwa ya mume wangu, Wilondja, ambaye kazi yake ni kuchimba dhahabu Misisi na nyumbani anakuja mara moja kwa miezi miwili. Basi nilikuwa na miguu, ziwa na baiskeli, na niliposikia kwamba Uvira kutakuwa na mashindano ya michezo mitatu mwisho wa kiangazi, mtu aogelee, apande baiskeli, kisha akimbie bila kupumzika katikati, nikajiambia kwamba hayo ni yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Sikutegemea kuwa na nguvu zile mara nyingine.

Aliyenifundisha ni Kocha Spéciose. Ni mwanamke wa Kirundi, alivuka mpaka na mdogo wake wa kike wakati wa vurugu za kwao, na wanaishi katika kambi ya wakimbizi, nje ya Baraka. Ujanani alikimbia masafa marefu mpaka goti lilipoharibika. Alikuwa na wanafunzi wanne tu, kila mmoja na daftari lake, na hakuwahi kumpa mtu kazi ya mwenzake. Siku ya kwanza aliniuliza mambo ambayo sikuyategemea: ninalala saa ngapi, ninabeba ndoo ngapi za maji, shamba la muhogo liko wapi, siku zangu za mwezi zinanilemea namna gani.

"Siku ya kupalilia iko siku nzito," alisema. "Hatuweke mbio juu yake."

Hakuwa na mashine. Kila asubuhi, kabla sijainuka kitandani, nilitakiwa kuweka vidole shingoni, kuhesabu mapigo ya moyo dakika nzima na kuyaandika. Kasi alinipimia kwa maneno. Siku nyepesi nikimbie huku naweza kusimulia habari ndefu, siku ya kati niweze kusema maneno matatu tu, na siku nzito nisiweze kusema kitu. Kila Jumamosi alikuja kwangu, akasoma daftari, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaweka sikio mgongoni kwangu na kusikiliza nikivuta pumzi. Ndipo akaandika wiki inayofuata. Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia kwa makini namna ile, hata mama yangu.

Mapigo yangu ya asubuhi yalikuwa hamsini na mawili. Mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika yakafika hamsini na nane, nikadhani nimehesabu vibaya. Wiki iliyofuata yakawa sitini na matatu. Nilijua Kocha akiiona namba ile atanipumzisha, kwa hiyo niliandika hamsini na nne. Uongo wa kwanza ulinifanya nisimtazame usoni. Wa pili haukunisumbua. Nilipofika sitini na tisa nilikuwa naandika hamsini na tatu bila kusita, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Kikohozi nilikipa majina mengine: vumbi la kiangazi, chaki, moshi wa jikoni. Sketi zilianza kunishuka kiunoni, na bamama wa shule walinisifu.

"Mbio zimekupendeza, Mwalimu," walisema, nami nikakubali sifa.

Jumamosi moja Kocha aliondoa sikio mgongoni kwangu na kulitazama tena daftari.

"Daftari na mwili wako havisemi kitu kimoja," alisema.

"Ni vumbi, Kocha. Na chaki."

"Kohoa nisikie."

Nikakohoa kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa ibada. Alinitazama, kisha akapunguza mbio za wiki ile kwa nusu. Aliniacha na safari moja tu ya baiskeli, mpaka Mboko. Yeye angetangulia kwa pikipiki na kuningojea pale.

Barabara ya Mboko unaijua kama umewahi kuipita: ziwa upande mmoja, muhogo umeanikwa ukingoni kwenye maturubai yaliyochakaa. Nilitoka asubuhi na upepo ulikuwa nyuma yangu. Kwenye mlima mdogo kabla ya kufika, kikohozi kilinishika, nikashuka na kuegemea usukani. Kitu cha moto kikapanda kooni. Nilitema kiganjani. Ilikuwa damu nyekundu, yenye povu. Mama mmoja aliyekuwa anageuza muhogo wake alisimama akanitazama, kisha akavuta turubai lake taratibu, kulisogeza mbali nami. Nilifuta mkono kwenye majani nikapanda tena baiskeli.

Kocha alikuwa amesimama barabarani.

"Nionyeshe mkono," alisema kabla hata ya salamu.

"Nimeanguka."

"Mtu akianguka anaumia goti. Nionyeshe mkono."

Damu ilikuwa imebaki chini ya kucha. Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha akachukua daftari kwenye mfuko wa baiskeli, akalifungua mahali pa wiki mpya, akalifunga tena.

"Sitaandika ingine. Nenda upime makohozi. Ukiniletea karatasi ya hospitali, ndipo nitaandika."

"Kocha, zimebaki wiki tisa."

"Nimesikia."

Niliogopa hospitali kuu. Nikaenda zahanati ya karibu na nyumbani, nikasema nina homa na sikusema habari ya damu. Walinipima malaria, wakaipata, na kwetu ni nani anayepimwa asikutwe nayo? Nilitoka na vidonge na chupa ya dawa ya kifua, nikiwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nilimpelekea Kocha ile karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Hapa hakuna makohozi," alisema, akanirudishia.

Basi nikajifundisha mwenyewe. Nilirudi nyuma kwenye daftari, nikachukua kazi za mwezi wa tatu na kuzifanya upya. Zilikuwa zimeandikwa kwa mtu ambaye sikuwa tena. Nilikimbia nikashindwa, nikatembea nikashindwa kusema maneno matatu. Nikasema bado kuna ziwa, majini mwili ni mwepesi.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa la kijivu, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kulikunja. Nilihesabu mikono sitini kwenda mbele, na wa sitini na moja haukuja. Kifua kilifunga. Nilijigeuza chali, nikatazama mbingu, nikajaribu kuvuta hewa, na hewa iliyoingia ilikuwa ndogo kama ya kunusa. Niliwaza binti yangu Riziki, miaka mitatu na nusu, ambaye nilikuwa nimemwacha anakula uji. Niliwaza kwamba nyumbani hakuna anayejua niko wapi.

Wavuvi wawili waliokuwa wanarudi na samaki wadogo, ndakala, waliniona. Mmoja alinishika makwapa akanipandisha ndani ya mtumbwi, karibu aanguke nyuma, kwa sababu alikuwa amejiandaa kuvuta mtu mzima.

"Mama," alisema, "we uko mwepesi namna hii?"

Hakuniuliza nilikuwa natafuta nini majini. Kilichomshangaza ni uzito wangu. Nililala juu ya samaki nikilia, na kesho yake nikaenda hospitali.

Benchi la wanaokohoa liko nje, chini ya mabati, mbali na majengo mengine, karibu na ua. Hakuna kibao. Unaliona tu jinsi lilivyotengwa, na unajua. Walinipa kikopo chenye mfuniko na jina langu kwenye plasta, wakaniambia niende nyuma ya ukuta nikohoe kutoka chini kabisa. Niliporudi, mzee mmoja alisogea kunipa nafasi. Alikuwa Papa Mlondani, mchimbaji wa Misisi, na alikuwa anatibiwa kwa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza aliacha dawa alipoona nguvu zimerudi.

"Karibu, mama," alisema. "Hapa hatusalimianake kwa mkono."

Nilimpenda kwa kusema vile. Ndiye aliyenifundisha kuandaa kipande cha bugali baridi na kukila mara tu baada ya vidonge, ili tumbo lisivirudishe. Kama utapita njia hii, jaribu. Kilinisaidia kuliko ushauri mwingi.

Siku ya pili muuguzi aliniita ndani. Dirisha lilikuwa wazi, yeye amevaa barakoa, nami akanipa ya kwangu.

"Iko tuberculose, kifua kikuu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Inaponaka. Miezi sita ya dawa, kila siku. Usiruke hata moja. Mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke, ni dawa."

Nikasema nimeelewa. Akavuta karatasi nyingine.

"Sasa tuandike majina ya batu. Ni batu gani ulikuwa unakaa nabo karibu? Tutabaita bapime."

Nilimtaja mume wangu, mama mkwe, Riziki, na mwalimu ninayekaa naye meza moja. Aliandika polepole.

"Na mwingine?"

Nilimwona Kocha, sikio lake mgongoni kwangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikivuta na kutoa pumzi kama alivyoniambia.

"Basi," nilisema.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Nilijipa sababu nzuri. Nilisema, yeye ni mkimbizi, wakimwita kupima kambi nzima itajua na wanafunzi wake watamkimbia. Nilisema, yeye ana nguvu, ana hekima, akijisikia vibaya atakwenda mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliona haya. Jina lake lingefuatwa na swali la tangu lini ninakohoa, na jibu la swali hilo lingekuwa kwamba nilimdanganya kwa miezi miwili huku nikimpumulia. Muuguzi akapiga mstari chini ya majina manne.

Nyumbani, mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Akaenda jikoni, akatenga sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja.

"Mi sikufukuze, mwanangu," alisema. "Lakini mutoto atalala kwangu."

Alichora mstari kwenye vumbi mbele ya mlango wa chumba changu, akamwambia Riziki asiuvuke. Mtoto alikuja asubuhi na kusimama pale, vidole vya miguu vimegusa mstari, akaniuliza, "Mama, leo nifike wapi?" Nilisema hapo hapo panatosha, nikageuza uso ukutani. Kipimo chake kilikuwa kizuri, lakini kwa umri wake naye alipewa dawa za kumkinga. Nilimsikia akilia kila asubuhi akizikataa, na sikuweza kwenda kumshika.

Wilondja alirudi kutoka Misisi baada ya wiki moja. Alisimama mlangoni na vumbi la njia nzima.

"Nilikuambiaka hizi mbio zitakumaliza," alisema. Akaichukua baiskeli, akaifungia kwa ndugu yake, na yeye mwenyewe akalala huko huko.

Kila alipopita nilimwuliza, "Baba Riziki, umepima?" na kila mara alikuwa na kazi fulani. Ilikwenda hivyo wiki tatu. Nilidhani ananidharau. Siku moja alichuchumaa nje ya dirisha langu, akasema akiwa ananipa mgongo, "Kule shimoni batu bote banakohoa. Nikipima wakaipata, watasema mi ndiye nilikuletea. Hata mama yangu atasema."

"Na kama ni mimi nimekupa?"

Kesho yake alikwenda kupima. Hakuwa nayo. Alirudi kulala nyumbani, sebuleni, na kikohozi kiliponiamsha nilimsikia naye akigeuka. Hatukujua ugonjwa ulitoka wapi, na hadi leo hatujui.

Mwezi wa kwanza wa dawa ni mwezi ambao sitaki kukudanganya habari zake. Nilikuwa namwona mtu kwenye kioo na kumpa pole. Viungo viliuma, hasa magoti na vidole. Nilichefukwa na harufu ya samaki. Mikono yangu, ambayo ilikuwa na misuli ya kuogelea, ilibaki ngozi inayoning'inia. Wakati huo Kocha alianza kuja. Alikuja Jumamosi ya kwanza, akasikia habari kutoka kwa mama mkwe, akaleta ndoo mpaka nje ya dirisha langu, akakaa juu yake.

"Sasa una karatasi ya hospitali," alisema. "Tunaweza kuandika."

Akaniandikia programu. Wiki ya kwanza: kitanda mpaka mlango, mara mbili kwa siku, kisha kukaa, kisha kula. Wiki ya tatu: mpaka jikoni. Wiki ya tano: mpaka uani kwa jirani, na kurudi, nikiweza kusema maneno matatu. Ndizo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kunipa. Nilimwangalia akiandika na kila Jumamosi nilijiambia nitamwambia leo. Kisha aliinuka, akachukua mfuko wake, akaenda.

Siku ya mashindano ya Uvira ilipita nikiwa kwenye benchi la hospitali, ambako pikipiki ilikuwa inanipeleka kumeza dawa, na hakuna aliyeitaja. Jumatatu moja mwishoni mwa mwezi wa pili wa dawa, nafasi ya Papa Mlondani ilikuwa tupu. Tulikaa tukiwa tumeiacha vile vile, hakuna aliyesogea. Muuguzi alipokuwa anatafuta kadi yangu niliiona ya kwake imewekwa kando, imegeuzwa uso chini. Sikuuliza. Niliweka vidonge mdomoni na vilikuwa vichungu kuliko siku zote.

Makohozi yangu ya mwezi wa pili yalikuwa safi. Muuguzi alisema sasa siambukizi. Nilipofika nyumbani mama mkwe aliufuta ule mstari kwa mguu wake mwenyewe, na Riziki akaja, akasimama karibu yangu kwa woga, akanigusa mfupa wa bega kwa kidole kimoja. Wiki chache baadaye nilirudi shuleni. Mvua zilianza.

Jumamosi ya mvua ya pili Kocha alifika amelowa. Aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu niugue, akakaa, akafungua daftari, na akakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Kilikuwa kidogo, cha kujizuia, mdomo umefungwa. Alikohoa tena, akaweka ngumi kifuani, akasema, "Ni mvua."

Shingo yake ilikuwa imekonda. Nilihesabu miezi kichwani.

Sikungoja Jumatatu. Nilikwenda hospitali siku ile ile, nikamkuta muuguzi anafunga chumba.

"Kuna mtu sikumtaja," nilisema.

Alisimama na ufunguo mkononi. "Alikuwa anakaa karibu na we?"

"Alikuwa anaweka sikio mgongoni kwangu. Kila wiki."

"Toka lini?"

Nilimwambia. Hakunigombeza. Alifungua chumba tena, akatoa ile karatasi yenye mstari, akaandika jina la tano chini ya mstari. Namna alivyokuwa anaandika, kwa uangalifu, bila kuniangalia, ilinitosha.

Kocha alikutwa nayo. Mdogo wake hakuwa nayo, lakini mtoto wa mdogo wake, wa miezi tisa, alikuwa nayo. Wote wawili walianza dawa wiki ile ile. Kwa mwezi mzima yule mtoto alikuwa haongezeki uzito, na kila nilipokutana na mdogo wake Kocha pale chini ya mabati nilitafuta jinsi ya kusimama ili nisimwone alivyomfunga mgongoni, kichwa kikilegea upande. Nilipeleka samaki, nilipeleka unga, nilichota maji. Watu wa kambini walisema nina moyo mzuri.

Mtoto alianza kunenepa karibu na Noeli. Mimi nilimaliza dawa mwezi wa kwanza wa mwaka mpya. Muuguzi alichora mstari mrefu kwenye kadi yangu, akasema, "Mwalimu, tusionane tena hapa," na kwa siku nzima watu walinishika mkono. Wilondja alikuwa ameirudisha baiskeli na kuisafisha, imeegemea ukuta. Sikuigusa. Nilichukua pikipiki mpaka kambini.

Kocha alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, mtoto yuko kando yake. Alikuwa kwenye mwezi wa nne wa dawa. Alinipongeza, akanionyesha mahali pa kukaa. Sikukaa.

"Kocha, siku niliyopewa dawa, muuguzi aliniuliza majina ya watu niliokuwa nakaa nao. Lako sikulitaja."

Aliendelea kuchambua.

"Siku gani hiyo?"

"Siku ya kwanza. Mwezi wa saba."

"Ukalitaja lini?"

"Siku ile ya mvua, ulipokohoa kwangu."

Mikono yake ilisimama. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Wiki kumi na moja," alisema.

"Ndiyo."

"Mi nilifikiri ulinisikia siku ile ukakimbia kunitafutia msaada. Nilimwambia mdogo wangu, huyu mwanamke ameniokoa." Alimvuta mtoto akampakata. "Hospitali haikuniita, nikasema basi niko salama. Wiki zote hizo nilikuwa nabeba huyu mugongoni."

Mtoto alishika punje za maharage, naye Kocha akamfungua vidole kimoja kimoja na kuzitoa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Aibu. Ungejua kwamba nilikuwa nakuandikia uongo."

"Nilikuwa najua."

"Tangu Mboko?"

"Hata kabla ya Mboko. Mapigo yalikuwa yanaonekana shingoni, hata mtu akiwa mbali anayaona." Akaongea chini zaidi, kama anayemwambia mtoto. "Nilijua, nikanyamaza. Nikasema nitamwachia huo mwezi mmoja. Hakuna hata mmoja wa kwangu aliyewahi kufika kwenye mashindano. Nilitaka we ufike Uvira."

Mdogo wake alitoka ndani, akatuangalia sote wawili, akarudi.

Ndiyo maana nimekuandikia. Vidonge utavimeza, mwili utarudi, hata usipokuwa ule wa zamani. Muuguzi atakuuliza majina. Yataje yote, na lile ambalo ulimi unalikataa lianze. Na kama wewe ndiye unayemtazama mtu akikonda na kukuambia ni vumbi, usingoje aseme mwenyewe.

Kocha alimrudisha mtoto mkekani, akasema, "Leo nenda."

Nikageuka. Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita.

"Apendeki. Rudi Jumamosi. Usipande pikipiki, tembea. Ukichoka kaa, mi nitangoja."

"Nije kufanya nini?"

"Sijajua bado," alisema. "We kuja."

Kutoka kwangu mpaka pale ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Jumamosi nilitoka mapema, nikakaa njiani mara tano, nikafika jua likiwa juu.